Kupeleka Habari ya Msiba Milango Ikiwa Imefungwa

Najua mnanicheka. Bibi mzima, nabonyeza simu kwa kidole kimoja, halafu eti nataka kuwafundisha ninyi namna ya kusoma. Chekeni, lakini kaeni. Nilifanya kazi ya kuangalia wanafunzi katika chuo kimoja pale Granville, hapa Sydney, mpaka nywele zikaisha weusi, na chuo kile kilikuwa cha watu kama ninyi: Wakenya waliokuja kusomea uuguzi, Wakongo waliofika kwa njia ya ukimbizi wakaanza maisha upya, Wanepali, Walebanoni, watoto wa kila upande. Kazi yangu iliitwa ustawi wa wanafunzi. Mkubwa wangu akiulizwa maana yake alizungusha maneno mpaka mwulizaji akaangalia saa. Mimi nilisema hivi: natakiwa kujua nani hajala, nani hajalala, na nani anaogopa kurudi anakoishi.

Haya ninayowasimulia mengi ni ya huzuni. Miaka yangu ya mwisho kazini iliangukia Korona, na yupo binti mmoja wa miaka ile ambaye nikimkumbuka bado machozi yananitoka, hata nikiwa foleni dukani. Nitafika kwake. Kwanza niwape cha kuwasaidia, msije mkasema bibi ametukalisha bure.

Tuanze na kusoma. Nilikuwa naendesha semina za kupanga muda, na sitawadanganya, watu walikuja kwa ajili ya sambusa. Siku moja sambusa zilichelewa nikabaki na mwanafunzi mmoja tu, naye alikuwa amesinzia. Nilikuwa na ratiba yangu nzuri ya rangi rangi, kijani ya kusoma, nyekundu ya kazi, buluu ya kulala. Niligawa nakala nyingi sana, na kwa miaka mingi sikumwona mtu aliyeifuata, mimi mwenyewe nikiwemo.

Aliyenifungua macho ni kijana wa Kikongo, Bahati, aliyekuwa anafeli somo la mwili wa binadamu. Nilimwambia atafute mtu asiyejua chochote amweleze. Jumamosi alikuwa anauza nyama kwenye duka la halali kule Auburn. Basi akachukua figo ya ng'ombe pale mezani, akamweleza mwenye duka jinsi inavyochuja damu. Yule bwana akauliza swali, kijana akakwama. Akarudi kitabuni, Jumamosi iliyofuata akaja na jibu na somo jipya. Wateja wakawa wanasubiri nyama zao huku wanasikiliza, na bibi mmoja akawa anauliza kuhusu ini. Bahati alifaulu vizuri, na mwenye duka akajiona daktari.

Kwa hiyo msinipakie vitabu rangi ya njano mkadhani mmesoma. Funga kitabu, mweleze mtu. Utakapokwama ndipo pa kuanzia kesho. Na msisome kitandani, maana mtalala vibaya na kusoma vibaya, hasara mara mbili.

Usalama nao msiuchukulie kwa mzaha. Ukitoka zamu ya usiku, awepo mtu anayejua umepanda treni gani. Pasipoti yako haikai kwa mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni mchungaji. Ukiitwa kuona chumba cha kupanga, nenda mchana na mwenzako, na asiyetaka uje na mwenzako mwache na chumba chake. Haya niliyasema mpaka nikayachoka, na bado kila muhula alikuwepo mmoja aliyekuja kulia ofisini kwamba hakujua.

Aliyenifundisha kazi ni Nadia, mama wa Kilebanoni mzaliwa wa hapo hapo Granville, mvuta sigara, mkali kunishinda. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikimwuliza mwanafunzi, "Uko sawa?" Yule alipotoka, Nadia akaniambia kwamba swali hilo watu wote hulijibu kwa neno moja, tena bila kufikiri. "Muulize amekula nini jana," akasema. "Akianza kutafuta jibu, mwangalie macho."

Akanifundisha na lile gumu. Ukiogopa kwamba mtu anataka kujiua, muulize kwa neno hilo hilo, usizunguke. Kwetu Morogoro neno hilo halitajwi. Tunaamini ukilitaja umeliita. Nadia alisema kulitaja hakumpi mtu wazo ambalo hana. Aliye nalo amechoka kulibeba peke yake, na wewe umemfungulia mlango. Nilijizoeza mbele ya kioo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili ulimi uligoma kabisa, ikanichukua muda mrefu.

Basi ikaja Korona. Mwaka wa kwanza tuliuona mgumu, kumbe ulikuwa salamu tu. Mwaka wa pili, wakati wa baridi, sisi wa magharibi mwa Sydney tulifungiwa zaidi kuliko wale wa ufukweni. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa ya Granville na Auburn. Wanajeshi walipita na polisi kugonga milango kuuliza kama watu wamo. Ukitoka mbali na nyumba yako uwe na sababu ya kueleza. Kanisa la Wakongo kule Macquarie Fields likawa linasali kwa simu, kila mmoja akiimba nyuma ya mwenzake, mpaka wimbo mmoja ukawa unaisha mara tano. Nilicheka kwa hilo, na siku zile kicheko kilikuwa adimu.

Wanafunzi wangu wakawa vijisanduku vyeusi kwenye kompyuta. Kamera zimezimwa, limebaki jina. Nilifundisha majina, nikayatania majina, nikayauliza maswali, na majina yakanyamaza. Niliichukia kazi yangu mwaka ule. Mwisho nikabuni njia: nampigia mwanafunzi simu ya kawaida, namwambia avae viatu atoke nje atembee, na mimi natembea huku kwangu, tunaongea. Mtu akitembea husema zaidi kuliko akikaa mbele ya kioo kinachomwonesha uso wake.

Jina mojawapo lilikuwa Nekesa. Alitoka upande wa Bungoma, Kenya, akisomea uuguzi, na alipanga chumba Auburn kwa mama mmoja Mkongo, Mama Furaha, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Nekesa alikuwa kitinda mimba kwao. Wiki aliyofika chuoni mama yake aliomba kuongea nami kwa simu. "Madam," akasema, "huyo ni wa mwisho, nimemdekeza. Akikosa mchape, nimekupa ruhusa." Nikamwambia huku kuchapa ni kesi. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo Nekesa hakuweza kunieleza jambo bila kupitia kwa mama yake: mama amesema, mama anauliza, mama amepanda maharagwe na mvua imekataa. Wenzake walimtania kwamba anasoma uuguzi na mama yake mgongoni.

Siku moja, mitihani ikiwa inakaribia, nikapigiwa simu na baba yake. Mwalimu Wafula alifundisha shule ya upili maisha yake yote hadi akastaafu. Aliongea kwa sauti iliyonyooka, neno baada ya neno.

"Madam, mama Nekesa ametuacha. Ni hii Korona. Tulimzika haraka, vile serikali ilitaka. Sasa nakuomba kitu moja tu. Nekesa asijue mpaka amalize mtihani."

Nililia pale pale, nikiwa na sufuria mkononi. Halafu nikakasirika. Nikampa pole, nikamwambia, "Mwalimu, hilo siwezi. Akiniuliza sitamdanganya."

"Nisikize kwanza," akasema. "Nimesimamia mitihani miaka mingi. Kijana mmoja aliambiwa asubuhi ya mtihani kwamba babake amefariki. Unajua aliandika nini? Aliandika jina lake. Karatasi yote tupu, jina peke yake hapo juu. Huyo kijana hakusoma tena."

"Huku mtihani unaahirishwa, Mwalimu. Mtu akifiwa chuo kinamruhusu afanye baadaye."

"Hayo husemwa tu. Na hata kama ni kweli, hawezi kuja, ndege hakuna. Sasa nimwambie ili alie na nani, Madam? Niambie. Alie na nani?"

Wale kati yenu mliozaliwa huku pengine hamwelewi kwa nini swali lile lilininyamazisha, kwa hiyo acha nieleze. Kwetu habari ya kifo haitupiwi mtu akiwa peke yake. Babu yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Walitumwa mama wawili kunichukua. Waliniambia natakiwa nyumbani, basi. Njia nzima waliongea habari za mahindi na bei ya sukari, mmoja kulia kwangu mwingine kushoto. Tulipoingia uani nilikuta watu wamekaa chini, na baba mkubwa, ambaye ndiye aliyestahili kusema, akaniambia. Wale mama walikuwa wameshanishika mikono kabla sijajua kwamba nitaanguka. Sasa mwaka ule wa kufungiwa, ungewatoa wapi mama wawili wa Auburn?

Kwa hiyo tulikubaliana nusu nusu. Mimi sitamwambia, kwa sababu si langu kusema. Sitamdanganya pia. Nitamwangalia kwa karibu, na yeye atafikiri tena kuhusu kuahirisha mtihani. Nilipokata simu nilijua makubaliano hayo hayana miguu.

Nikampigia Nekesa tutembee. Aliongea vizuri mno. Amemaliza somo la dawa, anarudia la majeraha, anafuata muda. Amekula nini jana? "Ugali na sukuma, aunty," akajibu upesi. Nikarudi nyumbani nimetulia kidogo. Jioni nikamjulisha Mwalimu kwamba binti anasoma. Naye akashusha pumzi.

"Hata mimi naona," akasema. "Anapiga kila siku na yuko sawa. Siku hizi haulizi hata mamake. Masomo yamemshika."

Yeye alilisema kwa nafuu, mimi nikalishika neno lile. Nekesa asiulize mama yake? Yule aliyenieleza habari za maharagwe ya Bungoma wakati nataka kujua kwa nini amechelewa kuleta kazi? Nikarudia mazungumzo yetu kichwani toka mwanzo hadi mwisho. Hakumtaja mama yake hata mara moja.

Asubuhi nikampigia Mama Furaha. Sikumaliza salamu.

"Mama Salome, mimi nilitaka nikutafute," akasema. "Ule mutoto hakule. Anapika, anatupa. Na jana alinipatia manteau yake, ile nzuri ya baridi. Anasema, 'Baki nayo, sitakuwa na kazi nayo tena.' Mimi nikaogopa. Ni hivi gani mutu anatoa manteau na baridi iko?"

Koti lile nalijua. Mama yake alilinunua mitumbani Kitale aliposikia Australia kuna baridi, na Nekesa alilivaa hata siku za jua. Vijana, liwekeni kichwani hili: mtu aliye kwenye giza akianza kugawa vitu anavyovipenda, usimshukuru tu ukaenda zako. Sheria iliruhusu mtu mmoja kwenda kumhudumia mwenye shida. Nikamwambia Nadia naenda wapi na nitampigia saa ngapi, maana hata mzee hufuata anayoyahubiri, nikavaa barakoa nikaenda.

Chumba cha Nekesa kilikuwa safi kupita kiasi. Juu ya meza, ukutani, ilibandikwa ile ratiba yangu ya kijani na nyekundu na buluu. Ndiye mtu pekee niliyemwona akiifuata. Alikuwa amevaa sweta jembamba, amekonda, nikatamani kumbeba.

"Nekesa, jana umekula nini?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Sikumbuki, aunty."

"Na koti umelitoa kwa nini?"

"Sina haja nayo."

Nikamsogelea. Ulimi ulitaka kugoma, nikaulazimisha. "Nekesa, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. "Si ati nimepanga," akasema. "Lakini nikilala naambia Mungu ingekuwa poa nisiamke."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mum aende."

Nilikaa kitandani bila kukaribishwa. Nikamwuliza nani alimwambia.

"Hakuna. Watu tu walianza kuwa wazuri kwangu. Aunty Nasimiyu, huyo hunigombanisha kila wiki, akaanza kuniita darling. Family group ikanyamaza kabisa. Nikapigia dad, nikasikia generator na watu wengi, mchana, siku ya kazi. Akasema ni harusi ya jirani. Harusi na hii Corona? Nikaenda Facebook ya kanisa yetu. Walikuwa live."

"Ulitazama?"

"Yote. Ilikuwa saa ya ile session yako ya kupanga time. Nilikuwa ndani, aunty, jina langu lilikuwa hapo. Nilikuweka sauti chini ndio nisikie pastor."

Nawaambia kweli, kazi ile ilinipa siku nyingi mbaya, ila hakuna iliyonikata kama hiyo. Siku ile nilikuwa nimechangamka, nimetania watu kuhusu kulala mapema. Na kwenye kijisanduku kimoja cheusi mtoto anamwona mama yake akishushwa kaburini, amevaa vipokea sauti ili Mama Furaha asisikie.

"Kwa nini hukumwambia baba yako kwamba unajua?"

"Anajikaza sana," akasema. "Kila siku alikuwa ananiambia mum amelala, mum ameenda shamba. Najua anafanya hivyo ndio nimalize exam. Nikimwambia najua, itakuwa alibeba hiyo yote ya bure. So nikaacha kumuulizia. Sikutaka adanganye tena, hajazoea."

Hakuwa analia, mimi ndiye niliyelia. Nadia angenifokea, lakini Nadia hakuwepo.

Kisha tukafanya kazi, na hii ndiyo mnisikilize mkiwa na rafiki wa hivyo. Sikumwahidi kwamba itabaki siri. Nilimwambia wazi kwamba jambo hili ni kubwa mno kwetu wawili tu na tutawaita wengine, na nikamwacha achague tuanze na nani. Tukapiga laini ya msaada ya watu walio kwenye hali hiyo, simu ikiwa mezani kati yetu, akaongea mwenyewe. Tukampigia daktari wake, akamwona kwa video siku ile ile. Tukamwita Mama Furaha, Nekesa akamwambia kwa mdomo wake. Mama Furaha hakutoa hotuba. Alikwenda kuleta godoro lake akalitandika chini chumbani humo, akasema, "Miye nitalala hapa mpaka unifukuze." Mtu aliye kwenye hatari asiachwe peke yake, na wewe unayemwangalia usibebe peke yako.

Mtihani tuliomba uahirishwe. Chuo kilikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuja kuufanya muhula uliofuata, leo ni muuguzi na anavaa koti lake. Kupona kulichukua muda mrefu, na alimwona daktari wa akili mwaka mzima na zaidi. Zipo siku hata sasa ananipigia tunatembea bila kusema kitu. Nawaambia mapema ili msishike roho mkononi, maana sehemu iliyobaki bado naiona ngumu kuisimulia.

Ilibidi nimpigie Mwalimu. Nilimweleza kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Anajua?" akauliza.

"Anajua, Mwalimu."

"Nani alimwambia?"

"Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe."

"Basi hajaambiwa," akasema. "Kuona kwa simu si kuambiwa. Hiyo ni kazi yangu na sijaifanya. Kesho, Madam, wewe kaa na yeye. Nitamwambia."

Kesho yake mchana, kwao asubuhi, nikarudi Auburn. Nikamkuta Mama Furaha ametoa viti vyote sebuleni na kutandika vitenge sakafuni, kama inavyopasa nyumba yenye msiba. Kwenye jiko kulikuwa na maharagwe mengi, ya kulisha watu ambao hawakuruhusiwa kuja. Tukakaa chini, Mama Furaha kulia kwake, mimi kushoto. Nekesa alikuwa mkavu, uso umetulia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna haja kweli, maana kila mtu ameshajua. Nikamwambia atulie, baba yake ndiye anayetaka.

Simu ya video ikaita. Mwalimu Wafula alikuwa amevaa suti na tai, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, na nyuma yake ndugu zake wawili wamesimama wamevua kofia. Akamsalimia mwanawe. Akamwuliza amekula. Nekesa akasema uji, na ilikuwa kweli, nilimwona.

"Nani amekaa na wewe?"

"Ni Aunty Salome na Mama Furaha."

"Wamekaa karibu?"

"Karibu, dad."

"Wakushike."

Tukamshika. Mwalimu akanyoosha tai yake. Akasema, "Nekesa, mtoto wangu. Nina habari mbaya. Mama yako ametuacha. Aliugua kwa siku chache, tukampeleka hospitali, pumzi ikakataa. Alikuwa anakutaja. Tumemzika hapa nyumbani, upande wa jikoni, pale mlikuwa mnachambua maharagwe na yeye."

Hapo kikamtoka Nekesa kilio ambacho sijakisikia tena, kikatutikisa sisi wote watatu, na uzito wake wote ukaja mikononi mwetu. Mama Furaha akaanza kulia naye kwa sauti, kwa Kiswahili chao, akimwita marehemu ambaye hakuwahi kumwona, akimwuliza mbona ameacha mtoto baridini. Jirani wa ukuta wa pili aligonga kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumjibu. Nekesa alikuwa anasema "mum" tu, "mum, mum", na mimi nilimshika nikiogopa kwamba nimekubali jambo litakalomvunja.

Kwenye simu baba yake alikuwa bado amekaa wima.

"Wachana na mtihani," akasema. "Lia, mama. Lia yote. Hata mimi sijalia. Kila siku ulikuwa unapiga, nikachunga sauti yangu, usije ukaisikia."

Kisha sura yake ikabadilika. Ndugu zake wakamsogelea, mmoja kila upande. Wakalia baba na mwanawe, yeye Bungoma na binti Auburn, na mimi nikaishika ile simu kwa mkono uliobaki ili isianguke.